Drili ya waya au ya betri? Zana za stima kwa mwenye nyumba na chombo Mombasa

Fundi anayechonga milango kutwa huko Jomvu hahitaji kushauriwa anunue drili gani. Mashine yake anaijua kwa mlio, na siku ikifa imekwisha kumlipa mara nyingi. Ninayemwandikia ni mtu mwingine: mwenye nyumba Kisauni au Likoni, mwenye boti ndogo ya faiba Mtwapa au mashua ya mbao Mtongwe, anayetoboa ukuta mara chache kwa mwaka, akafunga bawaba iliyolegea, akasugua rangi ya chombo kilichopandishwa wakati wa kusi, kisha zana zikarudi stoo mpaka zitakapohitajika tena.

Huyu ndiye anayepotezwa na ulinganisho wa kawaida. Wengi hupima nguvu: wati ngapi, mizunguko mingapi kwa dakika, itatoboa zege la unene gani. Hayo yana maana kwa anayefanya kazi kila siku. Kwa mtumiaji wa mara mojamoja hapa pwani, mashine huuawa na kukaa kuliko inavyouawa na kazi. Chumvi iliyomo hewani hutua juu ya chuma na shaba, nayo chumvi huvuta unyevu. Masika yakiingia, mwezi wa nne na wa tano, unyevu huo haukauki. Swichi hufanya kutu ya kijani ndani, beringi hukwama, kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyopitisha stima kwenye mota, hunata mahali pake, na betri iliyoachwa tupu haichajiki tena. Kwa hivyo kila nitakapoweka vitu viwili sambamba hapa, swali langu la kwanza litakuwa hili: kipi kitawaka baada ya miezi minane ya kimya, na kikikataa, yupo mtu Mombasa wa kukirekebisha?

Waya na betri

Mashine ya waya ina vitu vichache ndani: swichi, mota, kaboni mbili, beringi na gia. Karibu kila kimoja hununulika au hurekebishika. Kaboni zikiisha unabadilisha. Waya ukikatika karibu na kishikio, ambapo ndipo hukatika mara nyingi, fundi wa stima anaupunguza na kuuunga upya. Maadamu imekaa pakavu, hakuna kinachoharibika ndani yake kwa sababu tu siku zimepita. Tena kwa bei ileile, ya waya hukupa nguvu zaidi, na haichoki katikati ya kazi.

Betri ina tabia nyingine. Seli za lithiamu huzeeka hata zisipoguswa, na huzeeka upesi zaidi zikiwekwa zimejaa kabisa mahali pa joto. Stoo yenye paa la mabati, mchana wa mwezi wa pili, ni mahali pa joto kweli. Kuachwa tupu ni kubaya zaidi: chaji iliyobaki huendelea kuvuja kidogokidogo mpaka volti zikashuka chini ya kiwango kinachokubaliwa na chaja. Ukiichomeka mwaka unaofuata, taa inawaka ya kukataa, na pesa zako zimekwenda. Na betri si kitu kidogo katika bei. Kwa zana nyingi, betri mbili na chaja hugharimu kama mashine yenyewe au zaidi.

Mbona basi watu huzitaka? Kwa sababu ya pwani. Chombo kimelala mchangani maji yakiwa yametoka, soketi ya karibu iko ng'ambo ya barabara, na una saa chache tu kabla maji hayajarudi. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kazi ya chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, haikungoji. Drili ya betri unaitia kwenye ndoo, unashuka nayo, unatoboa, unafunga skrubu, umemaliza. Volti 18 haziui mtu aliyesimama kwenye maji ya chumvi. Volti 240 huua.

Faida ya pili watu huisahau. Drili nyingi za betri zina gia mbili na klachi. Gia ya kwanza huzunguka polepole, chini ya mizunguko 500 kwa dakika, na klachi huachia kabla skrubu haijavunjika kichwa au kuzama ndani ya plaiwudi. Drili ya kawaida ya waya yenye nyundo huwa na gia moja, na hukimbia hadi mizunguko 2,800 au 3,000. Kwa ukuta ni sawa. Kwa kufunga skrubu ya shaba kwenye mbao ya mashua, ni haraka mno.

Kuna jambo la maandishi kwenye betri ambalo huwafanya watu walipe zaidi bila sababu. Utaona moja imeandikwa volti 18 na jirani yake volti 20, na muuzaji atakuambia ya 20 ina nguvu zaidi. Ndani ya zote mbili mna seli tano zilizofuatana. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, na tano ni 18. Seli hiyohiyo ikitoka kwenye chaja ikiwa imejaa hufikia volti 4 hivi, na tano ni 20. DeWalt wanaiandika 20 Marekani na 18 Ulaya, betri ni ya aina moja. Kinachotofautisha betri kweli ni ampia-saa. Zidisha kwa 18 upate wati-saa: betri ya ampia-saa 2 ina 36, ya ampia-saa 4 ina 72.

Hesabu hiyo inakuamulia mengi. Drili inayotoboa matundu ya skrubu hula kidogo, na betri ya ampia-saa 2 inatosha kazi ya asubuhi nzima. Grainda inayovuta wati 700 itamaliza wati-saa 72 kwa dakika 6 hivi ikikandamizwa mfululizo. Ndiyo maana sioni sababu ya mtumiaji wa mara mojamoja kununua grainda ya betri, hata iwe nzuri namna gani. Ni kununua betri nyingi kwa kazi ndogo, kisha betri hizo zote zikae zikizeeka.

Uamuzi wangu: mwenye nyumba pekee anunue za waya, zote. Mwenye chombo anunue drili moja ya betri, yenye betri mbili ndogo badala ya moja kubwa, na zana nyingine zote ziwe za waya. Akiongeza siku moja zana ya pili ya betri, iwe ya mfumo uleule. Hapa angalia sana, kwani hata jina likiwa moja mifumo huwa tofauti. Betri ya volti 18 ya Bosch ya kijani haiingii kwenye Bosch ya buluu. Betri ya Makita ya volti 18 haiingii kwenye zana za Makita za volti 40.

Ukuta: drili ya nyundo au SDS

Nyumba za Mombasa zina kuta mbili ndani ya ukuta mmoja. Mawe yenyewe ni ya matumbawe, laini, yana matundu, na drili yoyote huyaingia. Juu ya madirisha na milango, na chini ya slebu, kuna linta na mkanda wa zege lenye nondo. Msiba wa mwenye nyumba huanza hapo, maana reli ya pazia hufungwa juu ya dirisha, yaani katikati ya linta.

Drili ya waya yenye nyundo, ya wati 600 hadi 750, inatosha kwa mawe. Nitasema zaidi: kwenye nyumba kongwe ya Mji wa Kale, iliyojengwa kwa mawe na chokaa, zima nyundo kabisa. Ukigonga, tundu linabomoka, linakuwa kama pango, na roplagi, kile kipande cha plastiki cha kushika skrubu, inazunguka ndani bila kushika. Toboa kwa mzunguko tu, kwa biti yenye ncha ya kabaidi, na utumie roplagi ndefu.

Kwenye linta, drili hiyohiyo italia, biti itapata moto mpaka ibadilike rangi, na utakuwa umeingia nusu kidole. Mashine ya SDS hugonga kwa pistoni iliyo ndani yake, si kwa meno yanayorukiana, kwa hivyo haihitaji kusukumwa kwa kifua. Aina ndogo ya SDS-plus, ya kilo 2 na kitu, hutoboa tundu la milimita 8 kwenye zege bila taabu. Biti zake ni za pekee, zenye mashina ya milimita 10 yaliyochongwa mifereji, na haziingii kwenye drili ya kawaida.

Je, ununue SDS badala ya drili? Wengi huvutwa na kile kisanduku chenye mdomo wa ziada wa kushikia biti za mbao. Ukiufunga, mdomo huo hucheza kidogo, na kwenye mbao au faiba kucheza huko kunaonekana. Mashine nayo ni nzito kwa kazi ya juu ya kichwa. Kama una chombo, SDS isiwe drili yako ya pekee. Kama una nyumba ya zege tupu, ghorofa jipya la Nyali kwa mfano, SDS ya waya ndiyo ya kwanza, na drili ya kawaida ije baadaye. Kwa mwenye matundu sita tu ya linta katika maisha ya nyumba yake, nakushauri uazime au ukodishe siku moja.

Chombo cha faiba na chombo cha mbao

Hapa ndipo ushauri wa mwenye boti na ushauri wa mwenye mashua huachana, na ni vibaya kuwapa wote orodha moja.

Boti ya faiba inataka upole. Jelikoti, ile ngozi ngumu ya juu inayong'aa, hupasuka pembeni mwa tundu ukiishambulia kwa kasi. Anza tundu drili ikizunguka kinyume mpaka ivuke ngozi hiyo, kisha igeuze. Drili ya betri yenye kitufe kinachotii kidole hufanya hivyo vizuri, na ya waya isiyo na udhibiti wa kasi haiwezi. Kadhalika kutoboa chuma kisichoshika kutu cha reli au bawaba za sitaha: kasi ndogo, mkono mzito, tone la mafuta. Ukikimbiza, chuma hicho hugumu papo hapo chini ya ncha ya biti, na hapo hata biti mpya haiingii.

Grainda ndiyo zana inayojeruhi watu wengi kwa haraka, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo. Kwa nyumba na chombo, ya diski ya milimita 115 inatosha. Ile kubwa ya milimita 230 ni ya mafundi wa mageti, na ikikwama kwenye chuma humtupa mtu mzima. Kwenye diski yoyote kumeandikwa kasi ya mwisho inayoruhusiwa: ya 115 ni mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,650. Ukiiondoa ngao ili diski kubwa iingie kwenye grainda ndogo, unaizungusha karibu mara mbili ya kasi iliyoundiwa, na diski hiyo hupasuka vipande usoni. Tazama pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski ya kukatia: imechapwa tarehe ya mwisho ya matumizi. Gundi inayoshika chembe za diski hudhoofika kwa muda na kwa unyevu, na mji wetu una unyevu wa kutosha. Diski iliyokaa stoo miaka usiifunge, hata kama haijaguswa. Diski za meno za kukatia mbao usiziweke kwenye grainda kamwe.

Ukilinganisha grainda mbili za bei moja, tazama swichi kabla ya wati. Moja ina kitufe cha kusukuma kinachobaki kimewaka, nyingine ina pedali chini ya kiganja inayozima mara tu ukiachia. Juu ya sitaha inayoteleza chukua ya pedali.

Na cheche zake. Cheche za chuma cha kawaida zikiangukia jelikoti nyeupe hujichoma ndani, na baada ya siku chache za hewa ya bahari kila cheche ni doa la kutu. Funika chombo kwa turubai lenye maji, au kakatie mbali, upande upepo unakokwenda. Kwenye boti ya petroli kuna hatari kubwa zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukatulia kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Zana yoyote yenye kaboni hutoa cheche ndani ya mota yake hata kama haikati chuma. Fungua vifuniko, pepea, ondoa tangi, ndipo uwashe chochote. Mota isiyo na kaboni hupunguza cheche hizo, lakini swichi yake bado ni swichi.

Mashua ya mbao ina hesabu nyingine. Fundi wa vyombo hufanya mengi kwa tezo, randa na patasi, na kalafati, kazi ya kuziba nyufa kati ya mbao, haina mashine: ni pamba, mafuta, nyundo na mkono uliozoea. Ubao uliopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka huziba msasa wa mashine baada ya dakika chache, ukabaki unapaka mafuta tu badala ya kusugua. Randa ya umeme ni nzuri kwa ubao mpya, lakini kwenye ubavu wa zamani msumari mmoja uliofichika unamaliza visu vyake. Kwa mashua, nunua drili nzuri na biti ndefu za kupita kwenye ubao mpaka taruma, yaani mbavu za chombo, pamoja na jigso ya kukatia mbao za kubadilisha. Hayo mengine waachie mafundi na zana zao za mkono.

Msumeno wa duara ukodishe. Kwa anayekata mbao tatu kwa mwaka, jigso ya wati 500 hadi 650 inafanya kazi yote, polepole, kwa usalama zaidi.

Kusugua: mashine ya duara au ya karatasi

Mashine ya msasa wa duara wa milimita 125, inayozunguka huku ikitikisika, huondoa rangi haraka na haiachi michirizi. Ile ya mstatili, inayotikisika tu, ni polepole lakini ina jambo moja kubwa: hutumia karatasi ya msasa ya kawaida, unayonunua popote na kukata kwa mkasi. Misasa ya duara yenye kunata na matundu ya vumbi haipatikani kila duka, na ukikosa, mashine inalala. Kwa nyumba peke yake ninachagua ya mstatili. Kwa boti, ya duara, mradi ununue misasa ya mwaka mzima siku hiyohiyo, ya namba 80, 120 na 240, na uihifadhi pakavu.

Lakini rangi ya chini ya chombo, ile ya kuzuia magamba, isisuguliwe kwa mashine kavukavu. Ina shaba na sumu nyingine, maana kazi yake ni kuua vinavyoganda. Zamani zilitumika hata zenye bati la aina ya TBT, zilizopigwa marufuku duniani kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 2008, na chombo kikongwe kinaweza kuwa na tabaka lake chini. Vumbi hilo likielea linaingia kwenye mapafu yako na ya watoto wanaocheza pwani. Sugua kwa mkono, kwa msasa wa maji, vaa glavu, kusanya uchafu. Vumbi la faiba nalo lina nyuzi za kioo, na linataka barakoa ya kuzuia chembe, si leso.

Stima karibu na maji

Ukilazimika kupeleka waya pwani, jambo moja halina mjadala: swichi ya RCD ya miliampia 30, kwenye soketi inakotoka stima, na ujaribu kitufe chake kabla ya kuanza. Hiyo hukata umeme unapoanza kupita kwenye mwili wa mtu. Fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi hailindi mtu, inalinda waya. Alama ya mraba ndani ya mraba kwenye mashine ina maana kwamba imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhi, lakini ulinzi huo huisha maji ya chumvi yakiingia ndani.

Jenereta ndogo huwapa watu imani isiyo na msingi. Nyingi hazina muunganisho kati ya nyutro na ardhi, na RCD iliyochomekwa hapo huenda isikate inavyopaswa mpaka fundi wa stima aliyehitimu aiandae. Kutumia betri ya gari na inveta ni kazi ya drili, si ya grainda: wati 700 kutoka volti 12 ni karibu ampia 60, na hapo hujahesabu kinachopotea njiani.

Ekstensheni iwe ya waya mnene, milimita mraba 1.5 au zaidi kwa masafa marefu, na uifungue yote kutoka kwenye roli hata kama unahitaji nusu. Waya uliozungushwa hupata moto. Kiungo kining'inizwe, kisilale mchangani.

Majina, na za mtumba

Madukani Mombasa utakutana na tabaka tatu. Juu kuna Makita ya Kijapani, DeWalt, na Bosch ya buluu. Katikati kuna Bosch ya kijani, iliyoundwa kwa matumizi ya nyumbani, na chapa za Kichina kama Ingco na Total, ambazo zimeenea Kenya. Chini kuna zisizo na jina la kueleweka.

Tofauti ya bei kati ya tabaka la juu na la kati huweza kuwa mara mbili au zaidi. Kwa kazi ya mara mojamoja silazimishi mtu tabaka la juu kwa ajili ya nguvu. Ninalolipia huko ni vipuri: swichi na kaboni zenye namba, zinazopatikana hata miaka kumi baada ya kununua, na mafundi wanaozijua kwa kuzifungua. Tabaka la kati linatosha kabisa kwa grainda, jigso na mashine ya msasa za waya. Kwa drili ya betri, ambapo seli ndizo roho ya kitu, ningepanda daraja moja kama mfuko unaruhusu. Zisizo na jina naziacha, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu siku kaboni zikiisha hakuna atakayejua ni za ukubwa gani.

Za mtumba zina uzuri wake, maana mashine ya kazi nzito iliyotumika Ulaya mara nyingi ina maisha mengi mbele. Soma kibao cha maelezo kilicho kwenye mashine kabla ya kushika bei. Kenya tunatumia volti 240, hezi 50. Zana za Uingereza zilizotoka kwenye ujenzi huwa za volti 110, na plagi yao ya njano ndiyo dalili. Za Marekani ni volti 120. Za Japani, zinazoweza kufika pamoja na magari kupitia bandari yetu, ni volti 100. Ukibadilisha plagi tu na kuzichomeka, mota inaungua ndani ya sekunde. Drili ya betri yenyewe haijali, ila chaja yake inajali, na chaja ya Japani ikichomekwa hapa ni moshi. Betri ya mtumba usiilipie chochote: ihesabu kuwa imekufa, na bei unayotoa iwe ya mashine tupu.

Kuzitunza kati ya kazi na kazi

Mashine iliyotoka pwani ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, kisha ikaushwe kivulini. Mdomo wa drili upakwe mafuta mepesi. Usiifungie kwenye sanduku la plastiki ikiwa bado ina joto au unyevu, kwani sanduku lisilopumua huhifadhi chumvi vizuri kuliko linavyohifadhi mashine. Kila mwezi iwashe dakika moja bila kazi: mota hukausha unyevu wake, na kaboni husafisha shaba zinazogusana nazo.

Betri zikae ndani ya nyumba, mahali pa baridi kidogo, zikiwa na nusu ya chaji, nje ya chaja na nje ya mashine. Zitazame kila baada ya miezi mitatu, uziongeze zikishuka. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kwanza. Chaja nyingi huikataa mpaka ipoe, na hilo ni jambo jema. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji aichomeke mashine. Sikiliza kama mlio ni mmoja toka mwanzo hadi kasi ya juu, nusa kama kuna harufu ya kuungua, achia kitufe na uone inavyosimama. Funga biti ndefu mdomoni na uangalie kama ncha yake inachora duara. Kwenye grainda, jaribu kama ngao inakaza bila kuteleza. Tafuta vile vifuniko viwili vya pembeni vya kubadilishia kaboni kwa bisibisi. Zipo mashine zinazolazimisha kufungua mwili mzima, na kati ya mbili zinazolingana, chukua yenye vifuniko. Nunua jozi ya pili ya kaboni hapohapo, kabla kipuri hakijapotea sokoni. Chunguza stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa, na maandishi ya sanduku yalingane na ya kibao, kwani chapa kubwa huigwa sana.

Uliza dhamana inashughulikiwa wapi. Jibu la kwamba mashine hupelekwa Nairobi si kosa, lakini lina maana ya kukaa bila mashine wakati chombo kiko juu ya magogo. Risiti iandikwe namba ya mashine, na kadi ya dhamana igongwe muhuri siku hiyo. Kwa drili ya betri, omba betri zote mbili zijaribiwe, si ile moja iliyokwisha kuchajiwa. Na duka lisilokubali mashine ichomekwe kabla ya kulipwa, ondoka uende la pili.